Je, Aliyesimama Kutazama Naye Ameandamana?

Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho. Tulifundishwa kwamba methali hii inahusu adabu ya mgeni: asijifanye mjuaji katika nyumba ya watu. Katika insha hii nataka kuipima kwa jambo lililonipata mwezi Machi 2025 mjini Osaka, Japani, niliposimama kwa saa mbili hivi katika mkutano wa barabarani wa watu wanaodai haki ya ndoa kwa wapenzi wa jinsia moja. Swali langu kuu si kama ndoa hiyo ni halali, ingawa nitaligusa hilo pia. Swali ni hili: mtu akihudhuria mkutano kama huo bila kuwa amekubaliana nao, je, ameshiriki? Na akisema "nilikuwa natazama tu", je, amesema kweli?

Kwanza nieleze nilivyofika pale. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Rwanda, na nilikaa Osaka miezi michache kama mwanafunzi mgeni. Chuo Kikuu cha Osaka hufundisha lugha nyingi za kigeni katika kampasi yake ya Minoh, na Kiswahili ni mojawapo. Nilikuta Wajapani wanaozijua ngeli kuliko baadhi yetu. Kila Jumatano nilizungumza Kiswahili na msichana mmoja, naye akinisaidia Kijapani. Aliniita dada, kwa sababu alisoma kwamba ndivyo watu wetu wanavyoitana.

Siku moja alikuja na swali la sarufi. "Dada, mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Ni sawa?" Nikamwambia ni sawa. "Na wakiwa wanawake wawili, nani anaoa na nani anaolewa?" Nilicheka, nikidhani anaichezea kauli ya kutendwa. Yeye hakucheka. Akasema, "Nauliza kwa ajili yangu na mwenzangu."

Nilinyamaza kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Kisha nikakimbilia mahali ninapopajua, yaani sarufi. Nikamweleza kwamba tuna kauli ya kutendana, kuoana, na pia tunasema watu wamefunga ndoa, bila kuonyesha nani mtenda na nani mtendwa. Akaniambia kwamba kundi lake linaandika mabango kwa lugha ambazo wanakundi wanasoma, naye anataka la Kiswahili lisiwe na kosa. Tukaafikiana maneno matatu: Ndoa kwa wote. "Njoo uone tu," alisema.

Mkutano ulifanyika Jumapili mchana karibu na kituo cha treni cha Umeda. Nilitarajia kelele. Niliwakuta watu kama hamsini wamejipanga kando ya njia ili wasiwazuie wapita njia, na kipaza sauti kimoja kidogo. Wapita njia wengi hawakusimama. Mzee mmoja alipokea kipeperushi, akakisoma mwanzo hadi mwisho, akakikunja na kukitia mfukoni, akaenda zake. Mwanamke wa makamo akasimulia kwamba ameishi na mwenzake zaidi ya miaka ishirini, lakini mwenzake alipohitaji upasuaji, hospitali ilimpigia simu kaka wa mgonjwa, anayekaa mji mwingine, aje atie saini. Yeye aliambiwa asubiri nje. Rafiki yangu alinitafsiria haya polepole, akitafuta maneno.

Msomaji aelewe hali ya kisheria. Mji wa Osaka hutoa cheti cha kuwatambua wapenzi hawa tangu 2018, na kata za Shibuya na Setagaya mjini Tokyo zilianza 2015. Cheti hicho hakina nguvu ya ndoa: hakimfanyi mtu kuwa mrithi wa mwenzake kisheria, wala kuwa mzazi wa mtoto wa mwenzake. Mabishano makubwa ni juu ya maneno ya Ibara ya 24 ya Katiba ya 1947, inayosema kwamba ndoa itafungwa kwa ridhaa ya jinsia zote mbili. Mwanamke aliyehusika kuiandika rasimu yake mwaka 1946, Beate Sirota, alikuwa na miaka 22, umri wangu mimi. Kusudi lilikuwa kumtoa mwanamke katika mamlaka ya mkuu wa ukoo, ambaye ridhaa yake ilihitajika ili ndoa ifungwe. Mwaka 2022 mahakama ya wilaya ya Osaka ilisema kwamba katiba haivunjwi kwa kuwanyima ndoa watu wa jinsia moja. Tarehe 25 Machi 2025, siku chache baada ya mkutano ule, mahakama ya juu ya hapo hapo Osaka ikasema inavunjwa. Kama mwanafunzi wa lugha, nilijifunza kwamba maneno yaliyoandikwa ili kufungua mlango yanaweza kutumiwa kuufunga, na wanaosoma wote wakawa na kamusi ileile.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Hoja ya kwanza ya kunitetea ni kwamba mwili kuwa mahali si sawa na moyo kuwa hapo. Mwandishi wa habari huhudhuria, polisi huhudhuria, na hakuna anayewahesabu kuwa waandamanaji. Hoja hii ina nguvu, lakini hao wana kazi inayojulikana. Mimi sikuwa na kazi hiyo. Aliyepita na kuhesabu watu, alinihesabu. Zaidi ya hayo, kulikuwa na bango ambalo sikulishika mkononi lakini maneno yake niliyatoa mimi.

Hoja ya pili ni ile ya methali: mgeni hafundishi wenyeji. Lakini nikiitazama vizuri, kufumba jicho kwa ajili ya adabu ni kukubali jambo bila kulifikiria. Sidhani kwamba hiyo ni heshima kwa mwenyeji. Rafiki yangu hakuniomba nifumbe jicho. Aliniomba nije nione.

Kwetu Rwanda swali hili lina uzito wake. Nimezaliwa baada ya 1994. Sifananishi mkutano wa amani na mauaji ya kimbari, hakuna kinachofanana. Nasema tu kwamba tumelelewa na maswali mawili: kwa nini wengi waliufuata umati, na kwa nini wengine walitazama. Swali la kwanza hunifanya niogope kujiunga na umati wowote kwa sababu tu upo. La pili haliniruhusu kujificha nyuma ya neno "mtazamaji".

Nilijificha hata hivyo. Picha ya siku ile ilimfikia mama mdogo, naye akamtumia mama. Mama alipiga simu. "Mwanangu, pale ulikuwa unafanya nini?" Nikajibu, "Nilikuwa natazama tu, mama." Nililala vibaya. Kesho yake nilimpigia nikamweleza yote, pamoja na bango. Alinyamaza, kisha akauliza, "Huyo rafiki yako, mama yake anajua?"

Sikuwa nimewahi kufikiria hilo. Jumatano iliyofuata nilimuuliza. Hakuwa amemwambia. Pale mkutanoni alivaa barakoa, na bango lake lilikuwa katika lugha ambayo mama yake hawezi kuisoma. Ameniruhusu kuyasimulia haya bila jina.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba nilishiriki, kwa kiasi cha maneno matatu. Kumtafsiria mtu dai lake kwa usahihi si lazima iwe kuliunga mkono, lakini ni tendo, na mtendaji hawezi kulikana. Kosa langu halikuwa kwenda wala kutafsiri. Lilikuwa ni ile "tu" niliyomwambia mama.

Kuhusu ndoa yenyewe, nitasema nilipofika. Katiba ya nchi yangu inatambua ndoa ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na kanisani nimefundishwa kwamba ndoa ni sakramenti. Mafundisho hayo sijayaacha. Ila nimetafuta hoja ya kumtetea aliyemwambia yule mwanamke asubiri nje wakati mwenzake anapasuliwa, na sijaipata. Kama kuna mwenzangu au mwalimu aliye nayo, naomba aiandike. Nitaisoma mwanzo hadi mwisho, kama yule mzee wa Umeda.