Nauli ya Msimu

Msimu wa ligi za chini za soka katika kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya huamuliwa na nauli kabla ya miguu. Ngazi huanzia kaunti ndogo na kupanda hadi Supa Ligi, mlango wa Ligi Kuu. Kila ngazi huongeza kilomita. Timu ya Ndhiwa ikicheza Oyugis hurudi nyumbani jioni ile ile. Ikipanda daraja, hujikuta ikitafuta njia ya kwenda Kakamega au Nairobi, na mchango wa mashabiki sokoni hautoshi tena.

Asubuhi ya mechi ya ugenini ni hesabu tupu. Matatu ya abiria 14 hupakia kikosi kizima pamoja na mipira, huku kipa akipakata gunia la jezi. Baadhi ya vijana wamekesha ziwani wakivua omena na hulala njia nzima. Timu ya kisiwa cha Mfangano huanza kwa mashua, na ziwa likichafuka mechi hubaki kwenye karatasi. Posho ya waamuzi nayo husubiriwa kabla ya kipenga.

Asiyefika humwachia mpinzani pointi tatu za bwerere, na kurudia kosa hilo humfukuzisha ligini. Hata wakubwa hawajasalimika. SoNy Sugar ya Awendo ilitwaa Ligi Kuu mwaka 2006, mgongoni ikiwa na kiwanda cha sukari. Kiwanda kikayumba, kisha kampuni ya kamari ya SportPesa ikaacha kudhamini ligi mwaka 2019. Katika msimu wa 2019/20 SoNy ilishindwa kufika kwa mechi tatu ikatimuliwa. Bingwa wa zamani aling'olewa na nauli.

Wapo wanaosema timu isiyo na pesa isijisajili. Kwa kipimo hicho, kaunti hizi mbili zingebaki na timu za viwanda na za wanasiasa tu, na hizo nazo, kama Awendo ilivyoona, huenda na mwenye mfuko.

Besiboli ya ligi ndogo Marekani ina mpango mwingine wa kubeba gharama. Tangu 2021 timu zake ni 120, kila moja ikiwa chini ya klabu ya ligi kuu inayolipa mishahara ya wachezaji na makocha. Mpango huo una dosari zake: wachezaji walilipwa kiduchu kwa miaka mingi, hadi mkataba wao wa kwanza wa pamoja mwaka 2023. Isitoshe, kule mchezaji ndiye hupanda, timu haipandi. Hata hivyo, timu ya mji mdogo inaweza kushika mkia hadi Septemba na bado ikamaliza ratiba. Hapa timu ndiyo hupanda, na gharama ya kupanda huangukia kijiji.

Homa Bay ina Uwanja wa Raila Odinga, uliotumika kwa sherehe za Madaraka mwaka 2025. Nyasi nzuri ni jambo la kushukuru, lakini hazimlipi dereva. Pesa zinazomwagwa kwenye vikombe vya wanasiasa, fainali ya alasiri moja na fahali wa zawadi, zingesafirisha timu kadhaa. Ziwekwe kwenye nauli kabla ya msimu kuanza, zawadi ya bingwa ipunguzwe, na madaraja ya chini yapangwe kwa majirani: Rongo na Awendo, Mbita na Ndhiwa, Isebania na Migori mjini.