Python Iko Wapi?

Andika which python3 kwenye terminali ya Linux, na mara nyingi utajibiwa: /usr/bin/python3. Wengi huishia hapo, wakiamini wameonyeshwa lugha ya Python inapokaa. Lakini kwenye Debian 12, kwa mfano, jina hilo ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye faili jingine, python3.11, nalo halijitoshelezi: sehemu kubwa ya maktaba yake imo kwenye /usr/lib/python3.11. Isitoshe, amri ile haikupekua kompyuta nzima. Ilipita kwenye folda zilizoorodheshwa katika PATH, moja baada ya nyingine, ikasimama ilipokuta jina hilo mara ya kwanza. Ukipangua orodha hiyo, jibu laweza kubadilika ilhali hakuna faili lililohama. Kumbe tulichoambiwa ni faili lipi litaitika tukiita, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Aristotle, anapoanza kujadili mahali katika kitabu cha nne cha Fizikia, anataja dhana ya watu wote kwamba kilichopo sharti kiwe mahali fulani. Lugha ya programu inaitia dhana hiyo mashakani. Ipo, maana watu wanaiandika na kulipwa kwa kuijua. Ila kilichosakinishwa ni programu inayoitii. CPython ni moja, PyPy ni nyingine, na msimbo uleule kwa kawaida hukubalika kwa zote mbili. Tena programu hizo zikikosea, tunasema zimekosea. Lau lugha ingekuwa ndiyo faili lile, kosa lisingewezekana, kwa kuwa chochote ambacho faili lingefanya ndicho kingekuwa sheria.

Atasema mtu: futa faili uone kama lugha itabaki. Kweli, kompyuta ile itanyamaza, na kwenye Debian zana kadhaa za mfumo zitaharibika pamoja nayo. Lakini kilichopotea ni uwezo wa mashine moja. Hakuna atakayetangaza kwamba Python imekufa. Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa pili. Kama lugha haimo kwenye diski, je, inaelea katika ulimwengu wa Plato, isiyoguswa na wakati? Hapo nakataa, na ushahidi wangu ni kamusi, ile aina ya data inayooanisha funguo na thamani. Katika CPython 3.6 kamusi ilianza kutunza funguo kwa mpangilio zilivyoingizwa, lakini watengenezaji wake walionya kwamba hiyo ni tabia ya programu, isitegemewe. Desemba 2017 Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha hiyo, akaamua kwamba kuanzia toleo la 3.7 iwe sheria. Tabia ilikuwa ileile. Hadhi yake ndiyo iliyobadilika, na iliyoibadilisha ni kauli ya mtu ambaye wengine walikubali kumfuata. Maumbo ya Plato hayapokei maamuzi ya Desemba.

Kiswahili kilipitia jambo la namna hiyo mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Siku ya pili yake wenyeji wa Mjini Unguja waliongea vilevile. Kilichogeuka ni kipimo ambacho vitabu vya shule vingesahihishwa nacho. Kwa maoni yangu lugha, ya watu au ya mashine, hukaa katika makubaliano ya aina hii, na makubaliano huwa na tarehe bila kuwa na folda.

Je, basi swali la fundi anayeuliza Python iko wapi kwenye kompyuta yake ni la kipuuzi? Hata kidogo, mradi ajue anauliza nini. Njia bora ni kuiuliza programu yenyewe ikiwa kazini, kwa sys.executable. Hata hivyo, ndani ya mazingira pepe, yale yanayotengenezwa kwa venv, itataja njia iliyo ndani ya folda ya mazingira hayo, huku sys.base_prefix ikielekeza kwenye /usr. Majibu ni mawili, yote sahihi, na fundi atachagua kulingana na anachotaka kurekebisha.