Vitabu vya Baiskeli kwa Watu wa Milimani

Somo: Matendo ya Mitume 8:26–40



Yule towashi wa Kushi alikuwa safarini, juu ya magurudumu, kwenye njia ya kushuka kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, na mkononi ana chuo cha nabii Isaya. Anasoma kwa sauti. Filipo anakimbia mpaka analifikia gari, anamsikia, anamwuliza kama anaelewa. Mkuu yule wa hazina ya malkia hakuona haya kusema kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza. Kila nikisoma habari hii huanza kumtazama Filipo: amekimbia, bila shaka anahema na miguu ina vumbi, na kazi yake ya kwanza ni kuzungumza na msafiri juu ya kitabu.

Kazi kama hiyo imenifikia nami: vijana wa kipaimara wameniuliza wasome nini zaidi ya masomo yao. Wengi wao ni wa baiskeli. Nawaona asubuhi wakiteremka kutoka upande wa Magamba, mmoja kwenye siti, mwingine kwenye kerea, breki zikilia kila kona. Basi nawatajia vitabu vya baiskeli. Vimeandikwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wetu hicho ni kikwazo, kwa hiyo nitaeleza kidogo kilichomo.

Cha kwanza ni maisha ya Marshall Taylor, aliyeitwa Major, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1878. Mwaka 1899, mjini Montreal, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za maili moja. Njiani kufika huko alionewa sana. Wapanda baiskeli wazungu walishirikiana kumziba njia, na mwaka 1897, katika mji wa Taunton, mmoja wao alimkaba koo baada ya mbio mpaka akapoteza fahamu. Taylor alikuwa Mkristo wa Kibaptisti, na hakushindana Jumapili. Ulaya walimtaka, lakini huko mbio kubwa zilikuwa Jumapili. Waliongeza fedha, akakataa. Mwaka 1901 wakakubali kumpangia siku nyingine za juma, ndipo akaenda, akawashinda mabingwa wao.

Miaka ya baadaye alilegea, akashindana Jumapili pia. Nalisema hilo wazi kwa sababu vijana wetu wamechoshwa na mashujaa wasio na doa, na kwa sababu naamini miaka aliyosimama imara haikufutwa na miaka aliyochoka. Mwaka 1928 alichapisha habari za maisha yake kwa fedha zake mwenyewe, akazunguka akiuza kitabu hicho kwa mkono. Alifariki Chicago mwaka 1932 katika hospitali, kwenye wodi ya wasio na uwezo, akazikwa kaburi la maskini. Mwaka 1948 wapanda baiskeli wa zamani walimhamishia kaburi la heshima. Someni kitabu chake, *The Fastest Bicycle Rider in the World*, muone jinsi mtu aliyekabwa koo anavyoweza kuandika bila chuki. Mimi bado najifunza hilo.

Akina mama, chenu ni kidogo na chepesi: *A Wheel Within a Wheel* cha Frances Willard, cha mwaka 1895. Aliongoza chama cha wanawake Wakristo waliopinga ulevi nchini Marekani. Akiwa na miaka 53, baada ya kufiwa na mama yake, alijifunza baiskeli, dakika chache kila siku kwa karibu miezi mitatu. Jina la kitabu linatukumbusha maono ya Ezekieli. Wapo wazee kwetu wanaosema baiskeli haimfai binti. Nawaheshimu, lakini binti anayekwenda shule kwa mguu na kurudi jua likizama namwonea huruma zaidi.

Cha tatu kinapita karibu na maumivu yetu. Mwaka 1992 Dervla Murphy, mwanamke wa Ireland mwenye miaka 60, alipanda baiskeli kutoka Kenya kwenda Zimbabwe, akapitia Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia. Kitabu chake kinaitwa *The Ukimwi Road*. Kila alikokwenda alikutana na ugonjwa ule, na watu walimsimulia. Si mwandishi wa kanisa, na baadhi ya hukumu zake sizikubali. Lakini walioishi miaka ile, walioimba mazikoni juma hata juma huku wengine wakinong'ona tu jina la ugonjwa, wataelewa kwa nini nakitaja.

Kama mtasoma kimoja tu, kiwe cha William Kamkwamba wa Malawi, *The Boy Who Harnessed the Wind*. Njaa ya mwaka 2001 na 2002 ilimtoa shuleni kwa kukosa ada, akaenda kusoma vitabu katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe. Humo aliona picha ya mtambo wa upepo. Akachukua fremu ya baiskeli kuukuu, feni ya trekta, mabomba na dainamo ya baiskeli, akawasha taa nyumbani kwao. Piteni kwa fundi baiskeli sokoni: anaizungusha tyubu ndani ya beseni la maji mpaka povu litokee penye tundu, anapasugua kwa msasa, anapaka gundi, anabandika kiraka. Nyuma yake kuna rundo la vyuma ambavyo sisi tunaviita takataka. Kamkwamba aliutazama uchafu wa namna hiyo akiwa na kitabu kichwani.

Ninachokitamani zaidi ni kitabu cha kwetu. Milima hii ilikuwa na kiwanda chake cha uchapaji, cha misheni ya Vuga, kwa hiyo kuchapa vitabu si jambo geni hapa. Wazee wangu mliokuwa wainjilisti, mliokokota baiskeli kupandisha mitaa ya juu na vitabu vya nyimbo vimefungwa kwenye kerea kwa mipira, njooni ofisini Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Katibu wa usharika ana daftari jipya, naye ataandika mnavyosema, kwa Kisambaa au kwa Kiswahili.