Dhamana Imekwisha, Kosa Bado la Kiwanda

Huku Koni na Likasi nzima, magari mengi tunayoendesha yametoka Japani yakiwa yametumika, usukani kulia, yakapitia Dar es Salaam hadi Kasumbalesa. Dhamana ya kiwanda iliisha kabla hayajapanda meli, basi kasoro ikijitokeza mwenye gari huambiwa alipe tu. Nasema si haki. Tazama mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata: ndani ya usukani mna kopo la chuma lenye nitrati ya amonia, na miaka ya joto na unyevu huiharibu, hata siku ya ajali kopo hupasuka na vipande vyake humrukia dereva shingoni. Takata ilifilisika mwaka 2017, lakini Toyota, Honda na wengine waliendelea kuibadilisha bure mifuko hiyo, hata kwenye magari ya zamani sana.

Utaniuliza, huku kwetu nani atatubadilishia, na muuzaji si anauza gari lilivyo? Swali zito hilo. Ila sheria yetu ya mikataba, ya Julai 30, 1888, humbebesha muuzaji kasoro zilizofichika hata kama hakuzijua, isipokuwa mmeandikiana vingine. Tena lazima udai upesi. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu pesa, nakili namba ya chasi iliyogongwa kwenye chuma, uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji, uone kama gari hilo liliitwa kurekebishwa. Kisha soma karatasi ya mauzo neno kwa neno, maana sahihi yako chini ya “bila garanti” inaweza kukunyima dai hilo kabla hujawasha injini.