Samaki wa Ziwani ni Mali ya Nani?

Mvuvi wa Uvira akirudi alfajiri na ndagala wake, mikono imekufa ganzi kwa baridi ya usiku, nani atathubutu kumwambia kwamba samaki hao si wake? Ametoa jasho. Lakini mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa miezi 3, tangu tarehe 15 Mei, nasi tukaanza kujiuliza: je, ni haki kumzuia?

Tufuate kwanza njia ya chakula hicho. Juu ya maji mna mimea midogo sana, jicho haliioni. Hiyo ndiyo hushika nguvu ya jua na kuigeuza chakula. Wadudu wadogo wa maji huila, ndagala huwala wadudu, mukeke humla ndagala, nasi twamla mukeke. Kila mlaji hutumia sehemu kubwa ya chakula kwa kupumua na kuogelea. Kinachobaki mwilini ni kadiri ya sehemu 1 katika 10, mara zaidi, mara pungufu. Raymond Lindeman wa Marekani alichunguza mambo hayo katika ziwa dogo la Minnesota. Maandiko yake yalitoka mwaka 1942, naye alikuwa amekwisha kufa, hajatimiza miaka 27. Tukikadiria hivyo, kilo 1 ya mukeke imekula kilo 10 za ndagala, na hao wamekula kilo 100 za wadudu. Ndiyo maana ndagala hujaza mitumbwi, na mukeke ni wa kutafutwa.

Tena nguvu iliyotumika hairudi. Chumvi za mizoga hurudi: huzama katika maji yenye kina cha mita 1,470, na wakati wa kiangazi upepo wa kusini hupandisha sehemu yake. Lakini joto lililotoka mwilini mwa samaki limekwenda zake, na mimea yangoja jua la kesho. Basi ziwa si ghala; ni kama kibarua anayekula mshahara wa siku. Na mshahara umepungua. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba maji ya juu yamepata joto, hayachanganyiki vema na ya chini, na mazao ya mimea ile yamepungua kadiri ya 20 katika 100.

Turudi kwa mvuvi. Jasho lake lilivuta wavu. Halikuumba ndagala hata mmoja. Anayekokota chandarua ufukoni na kuzoa watoto wa samaki anakula mshahara wa kesho, wala hana njia ya kuulipa. Nasi tunaowanunua sokoni kwa bei nafuu, tusijifanye watu wa kando.

Hata hivyo, mama mwenye watoto watano na sufuria tupu, tumwambie nini katika miezi ile 3? Kumhubiria habari za jua na mimea ni kumdhihaki. Kama ziwa linapumzishwa kwa faida ya wote, chakula cha nyumba yake siku hizo ni deni la wote, na wenye mashua kubwa, waliovua zaidi, waanze kulilipa.