Mtoto Huyu ni Wenu Wawili



Mtoto anapozaliwa na ulemavu, swali la kwanza katika nyumba nyingi huwa hili: "Jambo hili limetoka ukoo wa nani?" Baba anaanza kuchelewa kurudi. Mama anamficha mtoto chumbani wageni wakija. Wanafunzi nao walimwuliza Bwana kuhusu yule aliyezaliwa kipofu: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? (Yoh 9). Yesu alikataa lawama hizo zote mbili. Basi nyinyi mnamtafuta mkosaji wa nini?

Tafuteni msaada, tena mkiwa wawili. Tangu mwaka 1984 Kenya ina vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, ambavyo walimu huviita EARC. Mwulizeni mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu awaelekeze. Huko mtoto hupimwa, nanyi mtashauriwa kuhusu masomo yanayomfaa. Kisha mwandikisheni kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mpelekeni Misa pamoja na ndugu zake, na Jumuiya Ndogo Ndogo ikikutana kwenu, asifichwe.

Baba, siku ya kwenda kituoni usimwachie mama peke yake. Mbebeni mtoto kwa zamu. Ahadi uliyompa mkeo mbele ya altare haikuwa ya siku za raha tu, na leo itaonekana katika mkono huo unaombeba mtoto wenu.