Mti Ulioanguka Njiani

Mti ukianguka njiani, nani anapaswa kuuondoa? Mwenye msitu atasema: mimi sipiti njia hii. Mpita njia atasema: msitu si wangu. Serikali nayo iko mbali, tena ina barabara kubwa za kutengeneza. Basi kila mtu anapita pembeni, anakanyaga majani, anakwenda zake. Kesho mwingine anafuata nyayo zake. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna swali kubwa kwa watu wote wanaokaa pamoja: kitu cha wote ni mzigo wa nani?

Wasomaji wapendwa, leo twataka kulitazama swali hili kwa mfano wa mbali, kutoka Marekani, katika majimbo ya kaskazini-mashariki yanayoitwa New England. Mara nyingi mtu huona kosa lake vizuri zaidi akilitazama katika nyumba ya mwingine.

Kule kuna watu wengi wanaopenda kupanda baiskeli msituni na milimani. Baiskeli zao si kama kinga zetu za kubebea makaa na mihogo. Zina matairi mapana yenye meno, na breki kali za kuteremkia mawe na mizizi. Mchezo huo ulianza kujulikana katika miaka ya 1970 huko California, ambako vijana waliteremka mlima Tamalpais kwa baiskeli za zamani walizozitengeneza wenyewe. Ulipoenea, yalizuka magomvi. Waenda kwa miguu na wapanda farasi walilalamika, na mahali pengine njia zikafungwa kwa baiskeli. Mwaka 1987 waendeshaji wa New England walianzisha chama chao, kiitwacho New England Mountain Bike Association. Walifahamu kwamba anayetumia njia bila kuitunza hana neno la kujitetea siku anapofukuzwa. Tangu hapo wanachama wake hutoa siku zao za mapumziko, bila mshahara, ili kutengeneza njia za msituni. Mwaka 2003 chama hicho kilifika hata kununua msitu wa eka 47 huko Milford, katika jimbo la Massachusetts.

Sasa tufike kwenye dhoruba. Tarehe 29 na 30 Oktoba 2011, siku chache kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote, theluji nyingi ilianguka katika majimbo yale. Sisi twaijua theluji kwa kuitazama mbali, juu ya kilele cha Ruwenzori, nayo yaonekana nyepesi kama pamba. Lakini theluji ile ilikuwa imejaa maji, basi ilikuwa nzito sana. Katika mji mdogo wa Peru, huko Massachusetts, kimo chake kilifika sentimeta 81. Tena ilikuja mapema mno. Wakati wa baridi kali miti ya kule husimama mitupu, na theluji hupita katikati ya matawi. Mwaka ule miti mingi ilikuwa ingali na majani yake, na kila jani likapokea mzigo wake. Matawi yakavunjika, miti mizima ikang'oka, ikaangukia nyaya za umeme, barabara na nyumba. Nyumba na maduka zaidi ya milioni tatu zilikosa umeme. Katika jimbo la Connecticut peke yake zilipita 800 000, na wengine walingoja zaidi ya juma moja katika baridi. Watu walikufa, na baadhi yao waliuawa na hewa ya sumu iliyotoka katika mashine za umeme na makaa waliyowasha nyumbani ili kupata joto.

Theluji ya Oktoba haikai sana. Baada ya siku chache iliyeyuka, lakini miti ilibaki imelala njiani. Ndipo watu wa kujitolea walipoingia msituni.

Kazi hiyo si mchezo. Msumeno wa injini hushikwa na yule tu aliyefundishwa, mwenye kofia ngumu, na nguo nene ya kulinda miguu. Wengine huja na misumeno ya mkono na shoka, au huvuta matawi na kuyaweka kando. Kuna hatari mbili ambazo kila mkata miti wa kule anazijua. Ya kwanza ni mti mwembamba uliopindwa na mzigo wa mti mwingine: ukikatwa vibaya, unaruka kama upinde na kumvunja mtu taya. Ya pili ni tawi lililovunjika na kuning'inia juu, likingoja upepo kidogo. Wakata miti wamelipa jina la kutisha, wanaliita “mfanya wajane”. Kwa hiyo, kabla ya kukata, mtu mwenye akili hutazama juu kwanza. Tena huomba ruhusa kwa mwenye msitu, kwani njia nyingi zapita katika mashamba ya watu walioziruhusu kwa hisani tu. Bidii bila maarifa haimsaidii mtu. Yaweza kuleta msiba mwingine juu ya ule wa kwanza.

Hapa msomaji atatuuliza swali, nalo ni la haki. Watu walikuwa wanakaa gizani, wazee walikuwa wanatetemeka kwa baridi, na hawa walikwenda kusafisha njia za mchezo? Je, huo ni wema, au ni utoto?

Tusilikimbie swali hili. Wajibu una utaratibu wake. Mlango wa jirani mzee huja kabla ya njia ya msituni. Barabara ya kupitisha wagonjwa huja kabla ya njia ya baiskeli. Anayemwacha jirani yake katika baridi ili akatengeneze mahali pa kujifurahisha, amepotoka, hata akirudi jioni amechoka na kujaa jasho. Kuchoka si ushahidi wa wema. Mtu anaweza kuchoka sana kwa kazi ambayo haikuwa yake kwa siku ile.

Lakini tusiende mpaka upande wa pili na kusema kwamba kazi hiyo haina maana kamwe. Jirani akiisha kupata moto na barabara ikifunguliwa, bado kuna mengine. Binadamu hahitaji chakula na joto tu. Ahitaji pia mahali pa kupumzika na kukutana na wenzake, mahali ambapo baba na mwana waweza kutembea pamoja bila kununua kitu. Tena njia hizo hazipitwi na baiskeli peke yake. Hupita pia mzee mwenye fimbo anayetembea asubuhi, na mama aliyempeleka mtoto kutazama ndege. Aliyeondoa mti kwa ajili ya baiskeli yake amemwondolea mti mzee huyo, hata kama hamjui.

Wengine watasema: walifanya kwa kupenda mchezo wao, basi hawana sifa. Ni kweli kwamba walitamani kupanda tena. Ni kweli pia kwamba chama chao kilizaliwa kwa sababu waliogopa kufukuzwa. Lakini ni nani kati yetu aliye na nia moja tu moyoni? Mama apikaye chakula cha watoto naye anakula. Mwalimu apendaye kazi yake anapokea mshahara. Kupata faida hakuharibu kazi njema, kama faida hiyo haikunyang'anywa mwenzako. Twaweza kuwapima watu hawa kwa kipimo kingine: je, walisafisha mpaka pale wanapopita wao tu, au mpaka mwisho wa njia? Akiisha kufungua kipande chake, je, mtu anarudi nyumbani, au anaendelea mpaka kwenye mti wa mwisho? Katika kipande kile cha mwisho, ambako faida yake mwenyewe imekwisha, ndipo twaona kilichomo moyoni.

Sasa turudi kwa yule aliyepita pembeni, kwani twadhani somo lenyewe liko kwake. Watunza njia wote wanalijua jambo hili. Mti ukilala njiani, wa kwanza anauzunguka. Hajafanya baya kubwa, amekanyaga majani machache. Wa pili anaona alama za tairi, anazifuata. Baada ya mwezi kuna njia mpya kando ya mti, na miche iliyokuwa inaota pale imekufa. Mvua ikinyesha, maji yanafuata njia ile na kuchukua udongo. Mwenye msitu anakuja, anaona shamba lake limekatwakatwa, anakasirika, anafunga njia. Sasa muulize kila mmoja: ni nani aliyeifunga njia? Kila mmoja atajibu: mimi nilipita mara moja tu.

Ndivyo vitu vya wote vinavyokufa, kwa watu wengi ambao kila mmoja alipita pembeni mara moja. Hakuna adui aliyekuja kuviharibu. Anayetafuta mwenye kosa hampati, kwa sababu kosa limegawanyika vipande vidogo, na kila mtu amebeba kipande chake mfukoni bila kukisikia uzito.

Sisi hapa Kongo tuna sababu ya kulifikiri jambo hili kwa uangalifu. Babu zetu walifyeka barabara kwa amri ya wakoloni. Baadaye, katika miaka ya Mobutu, Salongo ilikuwa kazi ya lazima. Kwa hiyo wengi wetu, tukisikia “kazi ya wote”, moyo unanywea. Twakumbuka amri na faini. Hatuwalaumu wanaonung'unika, kwani kazi ya kulazimishwa humfundisha mtu kukimbia kazi, wala haimfundishi kupenda kijiji chake. Lakini yatupasa kutenganisha mambo mawili. Amri mbaya ilikuwa ya wale walioitoa, barabara ni yetu. Tukiacha daraja la kijiji lioze kwa sababu zamani tulilazimishwa kulitengeneza, mkubwa yule wa zamani haumii. Anayeumia ni mtoto wetu anayevuka kwenda shule.

Mtu wa kujitolea hana mkubwa nyuma yake, wala hakuna atakayeandika jina lake. Tena kazi yake ina jambo moja la ajabu: ikiisha vizuri, haionekani. Anayejenga nyumba huacha nyumba, lakini anayeondoa mti huacha nafasi tupu. Anayepita siku ya pili haoni kitu, hasimami, hashukuru. Labda ataona vumbi la mbao kando ya njia, na gogo lililokatwa, jeupe bado. Baada ya mvua mbili nalo litakuwa jeusi kama magogo mengine. Atapita kwa kasi akifikiri kwamba njia ilikuwa hivyo siku zote.

Na sisi je? Tumepita katika njia ngapi namna hiyo? Mtu fulani alizibua mfereji kabla ya masika, na maji hayakuingia nyumbani mwetu. Mwingine alifunika shimo karibu na kisima, na mtoto wetu hakutumbukia. Hatukujua, basi hatukushukuru. Deni hilo hatuwezi kuwalipa wenyewe, kwa sababu hatuwajui. Twaweza kulilipa kwa wale watakaokuja nyuma yetu, ambao nao hawatatujua.

Basi, ndugu, ukikuta mti njiani, angalia kwanza kama kuna mgonjwa anayekungoja mahali pengine. Kama yuko, zunguka, nenda kwake upesi, hakuna atakayekulaumu. Lakini kama unakwenda zako tu, simama. Tazama juu. Kama mti ni mkubwa kuliko nguvu zako, waite wenzako. Kama ni tawi tu, liondoe, kisha endelea na safari yako.